Torpedo kwenye Barieri ya Mvua

Nyinyi mnaopita na pikipiki mvua ikinyesha, mkirusha matope hadi kwenye meza ya maman anayeuza maandazi, hamwezi kujua kwamba zamani barabara ilikuwa na haki ya kupumzika. Mvua ikinyesha, barabara ilipumzika. Kazi ya kulinda mapumziko yake ilikuwa yangu, mimi na wenzangu wachache, na nataka kuwaambia ilikuwaje, maana nikifa mtadhani barabara inajitunza yenyewe. Labda mnadhani hivyo tayari. Nimeyaona mashimo ya hapa Bukavu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Mwenga ilikuwa ya udongo mtupu, na sisi makantonye, yaani watu wa kutunza barabara, tuligawiwa kila kikundi kipande chake. Kipande chetu kilikuwa na sehemu moja mbaya kuliko zote: njia ilishuka kutoka mlimani, ikavuka bonde la mafunjo juu ya tuta. Tuta hilo lilijengwa kwa udongo uliobebwa ndani ya vikapu na kushindiliwa kwa magogo. Kushoto mafunjo, kulia mafunjo, na chini yake maji meusi. Niliwahi kuwauliza wazee maji hayo yana kina gani, wakanijibu kwamba walioyapima hawakurudi kusema.

Kabla ya tuta kulikuwa na barieri ya mvua. Ni mti mrefu uliolazwa kuvuka njia, umefungwa jiwe kwenye kitako ili uinuke kwa urahisi, na kando yake kibanda cha nyasi. Mvua ikianza, tulishusha mti. Sheria ya serikali ilikuwa fupi: kamyo, yaani malori, zingoje mpaka njia ikauke, gari ndogo za watu zipite. Udongo mbichi unaweza kumbeba mtu na gari lake dogo, lakini ukipitiwa na kamyo mara moja tu unageuka uji, na uji huo ukikauka umekwisha kuwa mitaro.

Mkubwa wetu alikuwa Kapita Birindwa, mtu mfupi, mkimya, mwenye miguu mipana sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima njia kwa kisigino. Alivua kiatu, akakanyaga katikati ya njia, akazungusha kisigino mara moja, akainua mguu na kutazama. Kama ukingo wa alama umesimama imara, fungua. Kama maji yanachuruzika kuingia ndani ya alama, ngoja. Kama alama inajifunga yenyewe mbele ya macho yako, nenda ukapike maharagwe, kwa sababu leo hakuna mtu atakayepita. Siku ya kwanza nilipima nikiwa na kiatu, akanirudisha.

“Kiatu iko muongo,” aliniambia. “Inakusemea kama njia iko muzuri, sababu haisikie baridi.”

Madereva wa kamyo walitujaribu kila namna. Walishusha abiria nyuma ya kona wakaja kutuonyesha kamyo tupu, huku tunaona vichwa vya abiria vikikata njia ya mkato mlimani. Walitupa sigara. Lakini mbinu waliyoipenda zaidi ni mgonjwa. Walimweka mtu mbele, wamemfunga kitambaa kichwani, akaugua kwa sauti ya kukatisha tamaa, kisha mti ukiinuka alipona papo hapo na kuanza kuimba. Mmoja alisahau akaanza kuimba kabla hatujainua. Kwa hiyo kapita alikuwa amechoka na wagonjwa.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Juu ya bonde letu kulikuwa na mzungu mwenye mashamba ya kwinini, miti ile ambayo ganda lake ni dawa ya malaria. Alikuwa na gari la matembezi la zamani sana. Lilikuwa zee tayari wakati mimi nilipokuwa nabebwa mgongoni. Wazungu waliliita torpedo, na sisi tukaliita hivyo hivyo. Sijui nilielezeje kwa mtu aliyezoea vigari vya siku hizi, ambavyo ukiegemea mlango unaacha alama ya kiwiko. Siku moja sisi watatu tulilala chini kando yake, kichwa kwa miguu, ili tujue urefu wake. Wa tatu miguu yake ilitokeza kidogo tu. Lilikuwa na milango minne mifupi bila vioo. Halikuwa na paa la chuma. Lilikuwa na turubai tu juu ya mbavu za mbao, la kukunjwa nyuma kama hakuna mvua. Pembeni yalifungwa mapazia ya turubai yenye vidirisha visivyo vya kioo, vya kitu laini kilichokwisha kugeuka manjano. Taa zake zilikuwa kubwa kama sufuria. Kati ya kiti cha mbele na kiti cha nyuma palikuwa na nafasi ya viti vingine viwili vya kukunja, na vikikunjwa, mtu mzima angeweza kulala hapo akanyoosha miguu. Magurudumu yalikuwa marefu, ya mbao, na matairi yake membamba, upana wa kiganja na nusu.

Mara ya kwanza torpedo lilipokuja njia ikiwa mbichi, kapita alilizunguka, akatikisa turubai, akachungulia ndani kwenye nafasi ile kubwa isiyo na kitu.

“Iyi haina paa,” akasema. “Haina kioo. Iko mwepesi kama kitunga. Pita, Bwana.”

Hata sisi tulikubali kwamba ni kikapu tu. Kwetu nyumba ya bati ni nzito na nyumba ya nyasi ni nyepesi, na gari lisilo na bati juu tulilihesabu kuwa la nyasi. Torpedo lilipita. Halikuzama, kwa sababu yule mzungu alilikimbiza, lakini lilikata tuta mitaro miwili tangu mwanzo hadi mwisho, na kipande cha ukingo kikaporomoka kwenye mafunjo. Tuliziba mitaro hiyo siku ya Bwana, tulipotoka misa, tukiwa bado na mashati meupe. Wake zetu walikuja na chakula na kicheko. Mke wangu alimwuliza kapita kama kitunga kingine kinakuja lini, ili apike mapema.

Kapita hakucheka. Kesho yake alipanda hadi kwenye kiwanda cha kwinini, ambako kulikuwa na mizani kubwa ya kupimia kamyo, na akawaomba watu wa mizani wamwite siku torpedo litakapopita juu yake. Wakamwita, naye aliporudi alikaa kwanza, akanywa maji.

“Tani mbili na kitu,” akasema. “Na hakuna mutu ndani. Pikapu yao mupya haifike nusu yake.”

Hatukuamini. Akatueleza alivyoelezwa na fundi wa pale. Wale waliotengeneza magari ya kwanza hawakujua chuma kitavumilia kiasi gani, basi wakazidisha kila mahali. Chini ya mlango pana chuma kinene kama reli, moteri ni pande la chuma la kuyeyushwa, refu na la kuinuliwa na watu kadhaa, na hata mbao za mwili wake ni za mti mgumu. Ukubwa wote ule ambao sisi tuliuona kuwa hewa tupu ulikuwa umekaa juu ya mzigo wa kamyo. Tena kamyo ina matairi mapana, mengine mawili mawili, na uzito unagawanyika. Torpedo lilisimama juu ya vipande vinne vya kiganja na nusu. Hilo ndilo funzo la kazi yetu, nawaachia bure: usiulize gari lina uzito gani mpaka umetazama linakanyaga kwa upana gani.

Tangu siku hiyo kapita aliweka sheria yake mwenyewe. Torpedo ni kamyo. Mzungu wa kwinini alilalamika kwa mzungu aliyesimamia barabara. Mzungu wa barabara akaja, akatazama tuta, akaondoka bila kusema kitu, na sisi tulichukua kimya chake kuwa ruhusa.

Miaka michache baadaye mwenye mashamba alirudi kwao Ulaya, torpedo likanunuliwa na Papa Namegabe. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Luhwindja, aliyewauzia unga na maharagwe watu wa migodi ya dhahabu. Mtu mchangamfu, mwenye suruali yenye mkunjo hata siku za kazi. Alilipenda lile gari kupita kiasi. Wakati wa kiangazi mbao za magurudumu zilikauka na kulegea, yakawa yanalia njiani kama mlango usiotiwa mafuta, basi aliliingiza mtoni na kuliacha likinywa maji mpaka mbao zivimbe na kukaza. Watu walidhani analiosha. Aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu gari linaloogeshwa lina heshima kuliko gari linalouguzwa. Kwenye barieri yetu alingoja kama kamyo zote, akinung'unika kwa adabu.

“Papa Kapita, ona viti. Iko kamyo gani yenye iko na viti vya ngozi?”

“Ile yako,” kapita alimjibu.

Ilikuwa hivyo mpaka siku ninayotaka kuwaambia.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri ikiacha manyunyu. Kamyo mbili zilikuwa zinangoja, abiria wake wamejikunja chini ya migomba. Tukasikia honi ya torpedo mlimani, ile honi ya kufinya kwa mkono, inalia bila kupumzika. Namegabe alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Suruali yake ilikuwa imejaa matope mpaka magotini.

“Fungula, Papa. Bibi yangu iko anazala. Tangu jana. Mutoto amelala vibaya, muganga wa dispanseri amesema mpaka Bukavu.”

Kapita alikwenda kutazama kwa macho yake. Mama Nabintu, mke wa Namegabe, alikuwa amelala kwenye godoro katika nafasi ile kati ya viti. Mama yake mzazi, bibi kizee mwembamba, alikuwa amepiga magoti kichwani kwake. Namegabe angeweza kuazima pikapu ya jirani, lakini ndani ya pikapu ya wakati ule mtu alikaa, na huyu hakuweza kukaa. Nabintu hakuugua kama wagonjwa wa madereva. Alikuwa ameuma ukingo wa kitenge na macho yake yalitazama turubai. Kapita alirudi, akavua kiatu, akakanyaga tuta. Alama ilijifunga yenyewe.

Nilisimama karibu naye na niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Kama angesema ngojeni, mwanamke yule angefia mbele ya mti ambao mikono yangu ndiyo iliyoushusha. Kama angesema piteni, gari lingeteleza pamoja naye ndani ya mafunjo, na gari la uzito ule halitolewi majini kwa kamba za migomba. Kumbeba kwa mabega kutoka pale hadi Bukavu ilikuwa mwendo wa mchana na usiku, na Nabintu hakuwa na usiku mwingine ndani yake.

“Gari ipite tupu,” kapita akasema mwishowe. “Maman apite ku mabega yetu. Kule ng'ambo ataingia tena mu gari, mutaenda.”

Namegabe akasema polepole, “Papa, unajua desturi. Mukimubeba, hamutamuweka tena chini.”

Niwaeleze, maana mmekulia mjini. Kwetu mgonjwa alibebwa kwa kipoyi: mkeka au godoro lililofungwa kwenye miti miwili, watu wanane chini yake. Na aliyekwisha kupanda kipoyi hakuwekwa chini njiani. Mlibadilishana bega mkitembea, mlikunywa maji mkitembea. Mkishindwa kabisa, mlipiga hodi kwenye nyumba yoyote, ya rafiki au ya adui, na mwenyewe alilazimika kufungua. Mahali pa kumweka mgonjwa ni ndani ya nyumba tu. Ukimtua juu ya njia, umemwambia kwamba safari yake imeishia hapo, naye atakusikia. Msicheke. Nilikuwa mkristo niliyebatizwa na kuimba kwaya, na nilishika jambo hilo kama wengine wote.

“Tutajua kule,” kapita akajibu. Sidhani kama alijua kitu wakati huo.

Tulianza kulipunguzia gari uzito. Madereva wa kamyo, wale wale waongo wetu, waliruka chini bila kuitwa. Yaling'olewa magurudumu mawili ya akiba yaliyofungwa ubavuni, likashushwa sanduku la vyuma, kikatolewa kiti cha nyuma, na abiria wa kamyo wakajitwisha vitu hivyo vichwani kama mzigo wa soko, wakavipeleka kibandani. Tulitoa hata turubai na mbavu zake za mbao, na mapazia. Kapita akatoa upepo kwenye matairi mpaka yakabonyea, ili kiganja na nusu kiwe viganja viwili. Mkumbuke hilo mkikwama siku moja. Mbao za kamyo zikalazwa juu ya tuta, mbili mbele, mbili nyuma, za kuhamishwa kila gari linaposogea.

Sisi wanane tulimbeba Nabintu kwanza. Nilikuwa bega la nyuma kulia. Tulikwenda miguu mitupu, tukishika matope kwa vidole, na mama yake alitembea pembeni ameshika mti wa kipoyi, akimsemesha kwa Mashi, lugha yetu, maneno ya kumtuliza mtoto mdogo. Tulipofika ng'ambo tuligeuka kutazama, naye bado yuko juu ya mabega yetu.

Torpedo lilikuja nyuma yetu likiwa wazi, halina kitu juu. Namegabe alikuwa ameshika usukani huku amesimama, tayari kuruka. Watu walivuta kamba mbele, wengine walishika kamba nyuma. Mbao zililia. Katikati ya tuta gurudumu la kushoto liliteleza nje ya ubao, ukingo ukaanza kumeguka, tukaona gari zima linainama upande wa maji, polepole sana. Kapita aliweka bega lake chini ya ubao wa kupandia garini. Ni kazi bure, hakuna bega la kubeba tani mbili, lakini madereva wote walimfuata na kufanya kazi bure ile ile pamoja, na ukingo ulishikilia muda wa kutosha kuingiza ubao. Likafika. Namegabe alikaa kwenye kiti chake akalia kidogo, kisha akafuta uso.

“Sasa mumuingize,” akatuambia.

Hakuna aliyesogea. Mama yake Nabintu alisimama kati ya kipoyi na gari.

“Gari iko mu njia,” akasema. “Mutoto yangu hapana wekwa mu njia.”

“Mama mukwe, ametoka ndani yake sasa hivi.”

“Alitoka. Sasa iko ku kipoyi.”

Nyumba ya karibu ilikuwa juu ya mlima, mpando wa kutoa jasho hata kwa mtu asiyebeba kitu, na haikuwa na daktari. Namegabe alitusihi mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu. Tulitazama miguu yetu. Sikuwa mwema kuliko wenzangu; kama angeniamuru nishushe mti wa kipoyi, bega langu lingekataa. Nilimsikia Nabintu akipumua juu ya sikio langu, na kila mara pumzi ilichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Kapita alikuwa anatoa matope machoni. Alilizunguka torpedo kama alivyolizunguka siku ile ya kwanza, taratibu, akiligusa.

“Maman,” akamwambia bibi kizee, “nyumba iko na nini?”

Akajijibu mwenyewe, mkono juu ya mlango:

“Iko na mulango. Iyi iko na mine. Iko na kiti ya muzee, ile pale. Mutu analala ndani, ananyoosha miguu. Nyumba yangu ya kwanza haikufika ukubwa huu.”

“Haina paa,” bibi akasema.

“Murudishe paa,” kapita akaagiza, na watu wakakimbia kibandani kulileta. Mbavu za mbao zikasimamishwa, turubai likavutwa, mapazia yakafungwa pembeni moja moja, na manyunyu yakaanza kugonga juu yake. Bibi alitazama kazi hiyo yote hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kumshinda mtu, alitaka binti yake asiwekwe vibaya.

“Na moto?” akauliza. “Nyumba gani haina moto?”

Kapita alimshika mkono, akampeleka mbele, akauweka juu ya kapo, kile kifuniko kirefu cha moteri. Chuma chote kile kilichokuwa kimetutesa kilikuwa kimeshika joto tangu Luhwindja. Bibi akaondoa mkono haraka. Kisha akaurudisha, akauacha hapo.

Sauti ikatoka juu ya mabega yetu, ndogo, kwa Mashi. Nabintu alisema, “Mama, nasikia baridi. Niingize nyumbani.”

Bibi alijisogeza pembeni. Kapita akamsukuma Namegabe ndani ya gari lake mwenyewe, akamfungia mlango, akasimama nje na kutupa ishara kwa kichwa. Tulisogea hadi mlangoni, wanane, matope mpaka mapajani, na tukapiga hodi kwenye gari. Kumbukumbu hii sijawahi kuisimulia bila mtu kucheka, lakini siku ile hakuna aliyetabasamu. Tulisema hodi, na kutoka nyuma ya pazia lile la turubai Namegabe akajibu kama mwenye nyumba anavyojibu:

“Karibuni. Muingie.”

Tukamwingiza. Bibi akaingia nyuma yake na kukaa chini. Kapita alijaza upepo matairi kwa pampu ya mkono, akibadilishana na dereva mmoja, kiti cha nyuma na magurudumu ya akiba vikabaki kwenye kibanda chetu, na torpedo likaondoka kuelekea Bukavu.

Tulibaki na tuta lililoumia ubavuni. Kamyo mbili zililala pale, na madereva hawakutoa sigara wala mgonjwa. Usiku mvua ilirudi. Kesho yake tulibeba udongo kwa vikapu tangu asubuhi, na kapita hakuzungumza isipokuwa kutaja kikapu na gogo. Sisi pia hatukulitaja jina la Nabintu. Sote tulikuwa tumepiga hesabu moja kichwani: muda wa kung'oa vitu, muda wa mbao, muda wa kurudisha paa. Kama amekufa, ni sisi tuliomchelewesha. Nilikwenda kulala na hesabu hiyo nikaamka nayo.

Siku iliyofuata, njia ikiwa imeanza kushika, kamyo ya maharagwe ilisimama ng'ambo ya tuta na Namegabe akateremka. Alikuja kwa miguu juu ya udongo wetu mpya, peke yake, kichwa kimeinama kwa sababu alikuwa anatazama asiteleze. Kutoka mbali huwezi kujua mtu anainamisha kichwa kwa sababu gani. Kapita aliweka kikapu chini, akaenda kumpokea katikati. Kwetu salamu ni ndefu, unauliza nyumba, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Yeye hakusalimia.

“Wako wangapi?” akauliza.

“Wawili,” Namegabe akasema. “Wako wawili, Papa, wazima. Mutoto ni mwanamuke.”

Kapita alikaa chini pale pale, juu ya matope, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Sisi wengine tulikuja mmoja mmoja na kukaa karibu naye. Kamyo ya ng'ambo ilianza kupiga honi ili ifunguliwe, ikapiga tena, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama.